Kugawanya kwa mitumbwi: siku saba Mwanza, Ukerewe na Ukara

Jumatatu, Mwanza

Nimefika soko la samaki la Kirumba Mwaloni saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikijisifu kwamba nimewahi. Lori la kwanza la dagaa lilikuwa limeshajaa na turubai limeshafungwa kamba. Wachukuzi walikuwa wamekaa juu ya magunia matupu wakinywa chai. Nilipouliza mbona soko limepoa, mmoja akanijibu bila kugeuka, "Kuna mwezi, kaka." Nikaitikia kama mtu aliyeelewa.

Kilichonileta ni ugomvi kati ya kompyuta yangu na wavuvi. Nina modeli ya sangara wa Ziwa Viktoria, nimeilisha takwimu za miaka kadhaa za mialo, yaani fukwe ambako mitumbwi hushusha samaki, na inaniambia wingi wa samaki unakwenda sawa, hauporomoki. Wavuvi niliozungumza nao kwa simu wanasema samaki wamekwisha. Msimamizi wangu anasema wavuvi hulalamika tangu enzi za Nuhu. Inawezekana. Ila mimi sijawahi kushika sangara mzima mkononi, na nikaona si haki kubishana na mtu kuhusu kitu anachokishika kila siku.

Modeli yenyewe si ngumu, tusitishane. Samaki wakiwa wachache na chakula tele, huongezeka kwa kasi. Wakikaribia kikomo cha kile ziwa linachoweza kulisha, kasi hupungua hadi kusimama. Mchoro wake unapanda, unapinda, halafu unalala, na aliyeuandika kwanza ni Mbelgiji Verhulst mwaka 1838, yeye akiwaza watu. Ukitoa humo samaki wanaovuliwa, unapata modeli ambayo Mmarekani Schaefer aliikamilisha mwaka 1954: mavuno makubwa yanayoweza kudumu hupatikana pale unapobakiza majini nusu ya kikomo. Shida ni kwamba samaki walio majini huwaoni. Kwa hiyo unachukua kilo zilizovuliwa, unagawanya kwa nguvu ya uvuvi iliyotumika, na jibu unalichukulia kuwa kivuli cha wingi wa samaki. Kivuli kikirefuka, wamejaa. Kikifupika, wamepungua.

Mimi niligawanya kwa idadi ya mitumbwi. Takwimu nilizopewa ndivyo zilivyopangwa.

Jumanne, kuelekea Nansio

Meli imechukua saa tatu na ushei. Nimekaa juu, upande wa kivuli, karibu na mama mwenye vifaranga ndani ya boksi lililotobolewa matundu. Ziwa lina takriban kilomita za mraba 68,800 lakini wastani wa kina chake ni kama mita 40 tu. Ni kama sinia pana lililotiwa maji. Mengi ya maji hayo hushuka moja kwa moja kwa mvua juu ya ziwa lenyewe. Mito yote ikijumlishwa inaleta sehemu ndogo.

Nikafanya mchezo wangu wa safarini. Sensa ya 2012 ilihesabu Watanzania 44,928,923. Ya 2022 ikahesabu 61,741,120. Hiyo ni asilimia 3.2 kwa mwaka, na kwa kasi hiyo idadi huwa mara mbili ndani ya miaka 22 hivi. Wale vifaranga wasingejali, lakini mama yao aliniona nikiandika akauliza ninahesabu nini. Nikamweleza. Akafikiri kidogo. "Na ziwa nalo litakuwa mara mbili?"

Jibu la kitabuni ninalo, ila lilinikwama.

Nilikuwa pia ninasoma upya habari za Michael Graham, Mwingereza aliyefanya utafiti mkubwa wa kwanza wa uvuvi wa ziwa hili mwaka 1927 na 1928. Samaki mkuu wakati huo alikuwa ngege, wa jamii ya sato, na nyavu za kigeni zilikuwa zimekwisha kuingia. Graham alipendekeza nyavu zenye macho chini ya inchi 5 zisitumike. Akaonya vilevile kwamba kuleta samaki mkubwa mla wenzake kutoka maji mengine kungekuwa hatari kubwa. Sangara akaletwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Miaka ya 1980 akafurika, na furu, samaki wadogo waliokuwa na mamia ya spishi zisizopatikana kwingine duniani, wakateketea kwa wingi. Kinachonifurahisha mimi mtu wa hesabu ni hiki: mwaka 1935 Graham huyohuyo alichukua mchoro wa Verhulst akautumia kwa samaki wa Bahari ya Kaskazini, na hapo ndipo kazi ya Schaefer ilipoota. Kwa hiyo modeli niliyoibeba kwenye begi imetoka kwa mtu aliyewahi kulowa maji ya ziwa hili. Sikuwa nimeliwaza hilo kabla ya leo.

Jumatano, mwalo mmoja karibu na Nansio

Siku nzima nimeshinda kwenye mwalo ambao sitautaja jina, kwa sababu watu walinionyesha mambo ambayo ofisa akiyasikia atataka kuja na askari.

Mtumbwi wa kwanza ulitia nanga saa mbili asubuhi. Sangara kumi na mmoja. Mwandishi wa takwimu wa mwalo, kijana mpole anayeandika kwa kalamu iliyofungwa uzi shingoni, aliweka ubao wa kupimia juu ya ndoo. Kanuni inakataza sangara aliye chini ya sentimita 50: mdogo aachwe akue. Samaki wa nne akasoma 49. Nahodha akasogea, akambana mkia kwa vidole viwili, akauvuta, ukanyooka, ukarefuka. Hamsini. Kijana akaniangalia. Mimi nikaangalia ziwa. Kwenye daftari kukaandikwa 50.

Nimekumbuka kwamba kwenye takwimu zangu kuna mlima wa ajabu kabisa pale kwenye 50, samaki wengi kupita kiasi, na pembeni yake bonde kwenye 48 na 49. Nilikuwa nimeandika ukurasa mzima kujaribu kuueleza kwa ukuaji wa samaki na tundu la wavu. Ni vidole viwili.

Baada ya mizani, samaki wanapasuliwa kutolewa mabondo, vile vifuko vyeupe vya hewa vya tumboni vinavyonunuliwa kwa ajili ya masoko ya Asia. Dada anayeyapima anakaa na mzani mdogo kama wa sonara, na mazungumzo yake na nahodha ni ya chini na mafupi, tofauti kabisa na makelele ya kwenye mzani wa samaki. Minofu itakwenda kiwandani Mwanza, mapanki, yaani vichwa na mifupa, yatabaki kwa walaji wa mfuko mwepesi. Ukitaka kujua maendeleo ya kanda hii yanapita wapi, fuata samaki mmoja uone kila kipande chake kinaishia mikononi mwa nani.

Mchana nikamfuata mzee mmoja aliyekuwa anashona wavu chini ya mti. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanisogezea kipande cha gogo. Nikamweleza modeli yangu, kwa maneno, bila herufi hata moja. Alisikiliza vizuri kuliko kamati yangu ya chuo. Kisha akauliza, "Unahesabu mitumbwi?"

"Ndiyo, mzee."

"Mtumbwi wangu wa zamani ulikuwa wa makasia. Ndoano 200. Nilikuwa natega pale," akaonyesha mwamba ulio karibu kabisa, mtoto angeweza kuogelea hadi pale. "Nilipata kilo 20. Leo mwanangu ana injini, ana ndoano 800, anatega mahali ambapo ukisimama huoni nchi kavu. Anapata kilo 20. Wewe kwenye kitabu chako umeandika nini? Mtumbwi mmoja, kilo 20. Mtumbwi mmoja, kilo 20. Hakuna kilichopungua."

Akaendelea kushona.

Kwa mtumbwi, mgawanyo haujabadilika. Kwa ndoano, ulikuwa kilo moja kwa ndoano 10, sasa ni kilo moja kwa ndoano 40. Umebaki robo. Na hapo hatujahesabu petroli wala umbali. Kwenye modeli kuna kigezo kinachosema kila kipimo kimoja cha nguvu ya uvuvi kinachota sehemu gani ya samaki waliopo, na sisi tunakifanya kiwe hakibadiliki kwa sababu tu hesabu inakuwa nyepesi. Mzee alikuwa anaonyesha kwa sindano ya kushonea kwamba kinabadilika kila mtu anaponunua injini. Kivuli changu hakikufupika kwa sababu taa ilikuwa inasogezwa.

Nimekula ugali na sato jioni bila hamu. Sato alikuwa mtamu, hilo silo tatizo.

Alhamisi, Nansio

Mvua tangu alfajiri. Dagaa walioanikwa jana mchangani wameloa na wengine wameshaanza kunuka. Wenye chanja waliwafunika kwa turubai wakaokoa nusu. Hawa nao walivuliwa, wameondoka ziwani, lakini mezani kwa mtu hawataonekana. Umeme ulikatika saa nne. Nimelala.

Ijumaa, Bugolora hadi Ukara

Bodaboda hadi Bugolora, matope hadi magotini, kisha kivuko. Karibu na Bwisya watu walinyamaza wote kwa pamoja bila kuambiwa. Hapa ndipo MV Nyerere ilipopinduka tarehe 20 Septemba 2018 na kuua watu zaidi ya 200. Jamaa aliyekuwa pembeni yangu alivua kofia, tulipofika akaivaa tena.

Ukara nilikuja kwa sababu ya watu, si samaki. Kisiwa hiki kimo kwenye maandiko ya wanajiografia tangu enzi za ukoloni kama mfano wa mahali pasipofuata kitabu. Watu wamebanana, udongo wake ni wa kichanga unaotokana na mawe, na kwa hesabu za kawaida ulipaswa kuchoka zamani sana. Haukuchoka. Walikuwa wakipanda marejea, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya uwele, kisha wanauzika shambani uwe mbolea. Ng'ombe hawakuachwa kuzurura. Walifungiwa ndani, wakaletewa majani, samadi ikakusanywa hadi konzi ya mwisho na kurudishwa shambani. Miti ilikuwa na mwenyewe, mmoja mmoja. Kingo za mawe zikashikilia udongo.

Mama aliyenipokea ana ng'ombe wawili kwenye banda ambalo sakafu yake imechimbwa chini, ili samadi irundikane na majani kabla ya kutolewa. Nilisimama mlangoni. Aliniambia nishuke, samadi haiumi. Nikashuka. Akachukua konzi, akaifungua mbele ya uso wangu kama anayeonyesha mchele wa mbegu: nyeusi, imevunjikavunjika, haina harufu kali. "Hii ni ya tangu masika," akasema. Nikamuuliza kama marejea bado yapo. Yapo kwa wazee, akasema; vijana wamehamia kwenye mihogo, na wengine wamehamia kabisa.

Hilo la kuhama ndilo la pili ambalo modeli za vitabuni huliacha pembeni. Ukara haikujilisha kwa samadi peke yake. Kizazi baada ya kizazi, kilichozidi kimeondoka kwenda Ukerewe na bara. Mama huyu ana watoto sita. Wawili wapo hapa. Ukichora watu wa Ukara utaona mstari unaolala vizuri kama wa Verhulst na utasema, aha, wamefika kikomo. Kumbe mstari umelala kwa sababu kuna mlango umefunguliwa. Na kikomo chenyewe si namba iliyozikwa ardhini ikisubiri mtaalamu aichimbue. Wameinua kikomo hicho kwa mikono, konzi kwa konzi, na wakiacha kitashuka.

Nikaonyeshwa pia jiwe linalocheza. Linacheza kweli. Sina modeli yake.

Jumamosi, Ukara, usiku

Leo nimeelewa jibu la yule mchukuzi wa Jumatatu. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, samaki hawakusanyiki, na mialo ya dagaa hupumzika siku kadhaa kwa mpigo. Mimi nilipanga safari kwa kalenda ya ukutani. Nikafika siku moja baada ya mwezi kujaa. Lakini mwezi huchelewa kuchomoza kwa dakika 50 hivi kila usiku, na leo utatoka baada ya saa tano, kwa hiyo kuna saa kadhaa za giza na wavuvi wa kwanza wanatoka. Nahodha alikubali nipande kwa sharti nivae jaketi la kuokolea na nisiulize maswali wakati wa kuvuta.

Taa za balbu na betri zimeshika nafasi ya karabai. Wanaziweka juu ya maboya, wanaziacha zielee, wanasogea pembeni na kusubiri. Wadudu wa ziwani walikuja kama moshi, wakaingia puani, masikioni, kwenye daftari. Nilipotazama chini ya taa, maji yalikuwa meusi, kisha yakaanza kumetameta kwa ndani, kama mtu anapepeta sindano. Nahodha akapiga mluzi mfupi. Wavu ukazungushwa, wanne wakavuta, na kwa muda wa pumzi mbili hakuna aliyesema kitu. Kisha dagaa wakamiminika ndani ya mtumbwi kwa sauti ya mvua ya mawe iliyo mbali.

Dagaa ni samaki wa mwaka mmoja hivi, wanaongezeka upesi, na leo kwa uzito ndio wanaoongoza ziwani kuliko sangara aliyeleta viwanda. Kwa hiyo wanastahili hesabu safi. Sasa tazameni. Mwandishi wa takwimu akitembelea mwalo tarehe 15 ya kila mwezi, anadhani anapima kitu kilekile kila mara. Lakini mwezi wa angani una siku 29 na nusu, na miezi 12 ya aina hiyo ni siku 354. Kila Mwislamu anajua Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka kwenye kalenda ya ukutani. Tarehe 15 nayo inatembea juu ya mwezi kwa namna ileile: mwaka mmoja inaangukia karibu na mbalamwezi mfululizo, mwaka unaofuata inaingia gizani. Mchoro utaonyesha dagaa wanapungua, wanaongezeka, wanapungua, mzunguko wa karibu miaka 2.7, na mtu kama mimi atakaa ofisini akitafuta sababu kwenye joto la maji au mvua za vuli. Ninao mchoro wa namna hiyo. Nilikuwa nimeushika kama dhahabu.

Tulirudi mwezi ulipochungulia. Yule nahodha, baada ya kutua, ndiye aliyekuwa na maswali. "Dagaa wanaolala upande wa Uganda wakaamkia huku, wanaandikwa kwa nani?" Nikamwambia kuna taasisi yenye makao Jinja, iliyotokana na mkataba wa nchi tatu za ziwa wa mwaka 1994, na tangu 1999 meli za utafiti zimekuwa zikipita ziwa zima zikituma sauti majini na kusikiliza mwangwi, hapo mpaka hauangaliwi. Akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika. "Basi hao wanajua. Sauti haihesabu mitumbwi."

Jumapili, kurudi kwa njia ya Kisorya

Sikutaka meli tena. Nimevuka Rugezi kwenda Kisorya, basi dogo hadi Bunda, kisha barabara ya Lamadi na Magu. Kwenye daraja la Simiyu nilimwomba dereva apunguze mwendo, akanikatalia kwa heshima, hivyo nimeona mto kwa sekunde tano: rangi ya chai ya maziwa, umebeba mashamba ya juu kuyapeleka Ghuba ya Speke. Tope hilo lina rutuba, na rutuba ikizidi majini huotesha mwani, mwani ukioza huko chini unakula oksijeni. Sehemu kubwa ya fosforasi ya ziwa hushuka pia kutoka hewani, ndani ya vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa. Kikomo cha sangara, ile namba moja niliyoiandika kwa herufi kubwa na kuiacha palepale, inabadilika kila mvua inaponyesha Simiyu. Hiyo nitaishughulikia siku nyingine. Kwa leo nina ugomvi mmoja tu wa kumaliza.

Kwenye kiti cha nyuma, magoti yakigusa kidevu, nimechora fomu mpya ya mwalo. Nimefuta safu ya "idadi ya mitumbwi". Nimeweka: ndoano ngapi kwenye mgonzo, ile kamba ndefu ya kutegea, nyavu ngapi, injini au kasia, saa ngapi za kwenda hadi mtego, lita za petroli, mwezi umechomoza saa ngapi. Nimeweka na safu ya "mkia umebanwa?" halafu nikaifuta, hakuna atakayeijibu, badala yake mwandishi atapima hadi pale mkia unapoanzia, mahali ambapo vidole haviwezi kurefusha kitu. Niliipiga picha fomu hiyo nikamtumia yule kijana wa Nansio.

Tulipoingia Mwanza taa za barabarani zilikuwa zimewaka. Simu ikatetemeka. Kijana ameandika: "Mwalimu, fomu nimeielewa. Ila leo mitumbwi mitatu imetoka, ikatega, upepo ukawazidi, wamekata migonzo yote kuokoa maisha. Kilo sifuri. Ndoano niandike walizotoka nazo au walizorudi nazo?"